Somo la Afya: Mfuko wa Choo Tumboni Sio Aibu



Huenda kikundini mwenu yuko mama aliyefanyiwa operesheni ya tumbo, na tangu atoke hospitali hamjamwona mkutanoni. Watu wananong'ona ati ni chira. Yeye mwenyewe anaogopa harufu, basi anajificha nyumbani. Leo tujifunze juu ya mfuko anaovaa.

Ni kitu gani?

Wakati mwingine choo hakiwezi kupita njia yake: utumbo umejipinda na kuziba, kuna saratani, mtu ameumia, au mtoto amezaliwa bila tundu la haja kubwa. Daktari hufungua tundu tumboni na kutoa utumbo hapo. Hospitalini wanaita kolostomi. Choo hutokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Kwa wengine tundu hufungwa baada ya miezi kadhaa, kwa wengine ni la maisha. Mwulizeni daktari. Sio laana, na haiambukizi.

Jinsi ya kuutunza

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada.
2. Mwaga choo chooni kabla mfuko haujafika nusu. Ukijaa, uzito wake utaubandua.
3. Wakati wa kubadilisha, bandua polepole. Osha ngozi kwa maji safi ya vuguvugu, kisha ikaushe kabisa. Usitie spiriti wala mafuta, mfuko hautashika.
4. Kata tundu la mfuko litoshane na tundu la tumbo. Choo kikigusa ngozi, huleta vidonda.
5. Mifuko ikikosekana, tumia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, na hapo paka vaselini kwenye ngozi. Badilisha mara kwa mara, fua, anika juani. Wengine walikuwa wakifunga karatasi za nailoni kwa tepu. Hizo za kubebea vitu zilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na hata hivyo tepu huchubua ngozi.

Dalili za hatari

Tundu zima huwa jekundu na lenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Likiwa jeusi, damu isipokoma, au choo na upepo vikikoma huku tumbo likivimba na mgonjwa akitapika, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti, Homa Bay au Migori, iliyo karibu nanyi.

Kazi ya kikundi

Mifuko ni ghali, na haipatikani kila duka la dawa. Tunashauri mtenge kitu kidogo katika nyoluoro yenu, na anayekwenda mjini anunue ya wiki kadhaa. Kwa wiki 6 za kwanza au zaidi, mchotieni maji na kumbebea mizigo, maana kuinua vitu vizito huweza kusukuma utumbo nje. Mkutanoni mpeni kiti karibu na mlango ili atoke bila kuomba ruhusa. Akipona, amrudie omena wake au shamba lake kama zamani.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani ameacha kuja mkutanoni, na tumemtembelea?
2. Tukitenga shilingi kidogo kila mkutano, tutanunua mifuko mingapi?
3. Someni Wagalatia 6:2. Mzigo huu tutaubeba vipi?