Somo la Karakana: Unene wa Mbavu za Gitaa la Mukau

Mukau huchukua miaka 10 hadi 15 shambani kabla ya kufaa kupasuliwa mbao. Ubavu wa gitaa uliotoka kwenye mti huo unaweza kuvunjika mara moja juu ya bomba la moto, na mara nyingi kosa huwa lilifanyika mapema zaidi, ubao ulipopimwa kwa jicho tu.

Fundi wa Mutomo aliyezoea milango na viti huona ubao wa milimita 5 kuwa mwembamba mno. Kwa gitaa, huo ni mnene. Mbavu huachwa na unene wa milimita 2 hadi 2.3, na sababu yake ni hesabu. Zidisha 3 kwa 3 kwa 3 upate 27. Fanya vivyo hivyo kwa 2, upate 8. Basi ubao wa milimita 3 hukataa kupinda zaidi ya mara tatu kuliko wa milimita 2. Kiunoni, kwenye kona kali kuliko zote, nyuzi za upande wa nje huvutwa hadi zikatike. Ubao mwembamba kupita kiasi nao hupinda vizuri, kisha hupasuka gitaa likigongwa ndani ya matatu.

Mukau ni wa ukoo mmoja na mahogani, mbao ambayo watengenezaji wa gitaa wameitumia kwa muda mrefu. Kituo cha KEFRI cha Kitui kimeufanyia mti huu utafiti kwa miaka mingi. Kwa mbavu huchaguliwa ubao mkavu, usio na fundo, wenye nyuzi zilizonyooka. Fundo likiwa kiunoni, hakuna ujuzi utakaouokoa.

Mbao mbili za sentimita 80 hivi hutolewa kwenye gogo moja ili zifanane, kisha hupigwa randa kali hadi milimita 3. Kuanzia hapo randa huwekwa kando. Fundi hulaza ubao mezani kati ya vipande viwili vya bati nene la milimita 2, kisha husugua kwa msasa namba 80 uliogundishwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kirefu kiasi cha kukanyaga bati pande zote mbili. Msasa ukianza kukwaruza bati, kazi imefika. Ubao hugeuzwa mara kwa mara, kwani ukisuguliwa upande mmoja tu hujikunja. Barakoa ni lazima; vumbi hilo si la kuvuta.

Kipimo cha milimita hufika ukingoni tu. Katikati, vidole ndivyo hupima: ubao hupindwa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, na mahali panapokaza husuguliwa tena.

Bomba la chuma huwashiwa makaa ndani. Tone la maji likiruka badala ya kutulia, joto linatosha. Ubao uliolowanishwa kidogo huanzia kiunoni, bila kulazimishwa, kisha hufungwa kwenye kalibu hadi kesho yake.

Anayesafirisha mbao za mukau huhitaji kibali cha KFS.