KUBADILISHA PLAGI YA PIKIPIKI MWENYEWE NYUMBANI, BILA KUUNGUA WALA KUUA INJINI

Leo tuache kidogo mambo ya daftari la madeni, tuongelee pikipiki. Kwa sisi wa maduka ya vijijini pikipiki ndiyo mguu wa biashara. Hapa Kolo mzigo unatoka Kondoa mjini, wateja wengine wako Pahi, wengine Bereko, na siku ya mnada lazima uwahi. Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, siku yako imeshaliwa.

Mara nyingi kinachogomesha ni kitu kidogo sana: plagi. Kuibadilisha ni kazi ya dakika ishirini na huhitaji kumsubiri fundi. Lakini kuna sehemu mbili ambapo watu wanaumia. Ya kwanza ni petroli kukutana na cheche, hapo unaungua. Ya pili ni kuingiza plagi upande, hapo unaua uzi wa hedi. Plagi yenyewe ni hela ndogo. Hedi ni hela ya mtaji. Ukishika hayo mawili, mengine yote ni rahisi.

DALILI KWAMBA PLAGI IMECHOKA
- Unapiga kiki nyingi ndipo iwake, hasa asubuhi.
- Ikiwaka inakatakata, au inazima ukiachia mafuta.
- Inakosa nguvu kupanda mlima ukiwa na mzigo.
- Inakula mafuta kuliko zamani.

Dalili hizi zinaweza pia kutoka kwenye kabureta au chujio la hewa. Ila plagi ndiyo rahisi kukagua, kwa hiyo anza nayo.

VIFAA
Spana ya plagi (mara nyingi imo kwenye vifaa vilivyokuja na pikipiki), kitambaa kikavu, brashi ndogo, pampu ya baiskeli, geji ya kupimia nafasi na plagi mpya. Ukiwa na miwani ya kukinga macho, vaa.

KABLA HUJASHIKA SPANA
1. Fanyia kazi nje, penye kivuli na hewa. Usifanyie ndani ya duka wala stoo. Moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu kimyakimya.

2. Kaa mbali na moto: jiko la mkaa, sigara, koroboi, jirani anayekaanga chapati. Kama unauza petroli ya chupa, usifanyie kazi hii karibu nazo. Watu wengi wanadhani petroli inashika moto ikiguswa na moto tu. Hapana. Kinachoshika ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka uukute moto ulipo. Hata baridi ya mwezi wa sita huku kwetu haiuzuii. Tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Petroli ya kwenye tangi lako ni kidogo, ila tabia yake ni ileile.

3. Zima, toa funguo, funga koki ya mafuta. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali palipo sawa, isije ikakuangukia mguuni.

4. Subiri injini ipoe kabisa. Hedi ni ya aluminiamu, na ikiwa ya moto uzi wake unaharibika kirahisi unapofungua. Halafu utaungua mkono bure. Muda mzuri ni asubuhi kabla hujaiwasha.

5. Vua pete na saa. Kanga au skafu inayoning'inia ifunge vizuri. Watoto wakae mbali. Weka ndoo ya mchanga karibu, na mchanga huku kwetu hatujakosa. Moto wa petroli unaufukia kwa mchanga. Ukiumwagia maji, unausambaza.

TWENDE KAZI

Hatua ya 1: Vuta kofia ya plagi. Shika kofia yenyewe, usivute waya. Waya ukichomoka kwa ndani umejiongezea kazi.

Hatua ya 2: Safisha kuzunguka plagi. Usiruke hii. Barabara ya lami ipo, lakini ukishaiacha kuingia vijijini ni vumbi na mchanga mtupu, na vyote vinajaa kwenye kishimo cha plagi. Ukifungua bila kusafisha, mchanga unadondoka ndani ya silinda na kuanza kukwaruza. Piga pampu ya baiskeli, pitisha brashi. Legeza plagi nusu mzunguko tu, piga pampu tena, ndipo uitoe yote.

Hatua ya 3: Fungua kwa kuzungusha kinyume na saa. Spana ikae sawasawa, isilale upande, maana ile kauri nyeupe inapasuka. Ikiwa ngumu, weka mafuta ya kulegezea kutu, subiri, kisha jaribu taratibu. Usiongeze bomba kwenye spana ili upate nguvu. Ikikataa kabisa mpelekee fundi. Bora kulipia kufunguliwa kuliko kulipia hedi.

Hatua ya 4: Isome plagi ya zamani. Hii ndiyo faida kubwa ya kujifanyia mwenyewe, kwa sababu plagi inakwambia injini inavyoishi.
- Kahawia kama udongo mkavu: injini iko vizuri.
- Nyeusi, masizi makavu: mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Angalia chujio la hewa, na angalia kama choki imeachwa imevutwa.
- Nyeusi na imelowa oili: oili inapenya kwenye chumba cha moto. Hapo ringi au sili za valvu zimechoka. Plagi mpya itakusogeza siku chache tu.
- Nyeupe kama chokaa: injini inapata joto kupita kiasi, au plagi siyo ya pikipiki hiyo.
- Imelowa petroli: injini imejaa mafuta, au cheche haipo.

Mtu anayebadilisha plagi kila mwezi bila kuisoma anatibu homa bila kupima malaria.

Hatua ya 5: Linganisha mpya na ya zamani, zisimamishe pamoja mezani. Unene wa uzi uwe sawa na urefu wa uzi uwe sawa. Ikiwa ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongana na pistoni. Ikiwa fupi, cheche inatokea mahali pabaya na uzi wa hedi uliobaki wazi unajaa masizi. Njia ya uhakika ni kusoma namba. Kwa NGK, mfano D8EA: herufi D ni uzi wa milimita 12, E ni urefu wa milimita 19, na 8 inahusu joto. C7HSA ina uzi wa milimita 10 na urefu wa milimita 12.7. Hizo mbili haziingiliani hata kidogo. Tena kuwa makini na namba ya joto: kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, lakini kwa Bosch namba kubwa ni ya moto zaidi. Usilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho. Fuata kitabu cha pikipiki yako.

Na kumbuka, baadhi ya Bajaj zenye maandishi ya DTS-i zina plagi mbili. Badilisha zote kwa pamoja.

Hatua ya 6: Pima nafasi kati ya ncha ya katikati na kile kipembe kilichopinda. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni karibu milimita 0.6 hadi 0.7, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachosema. Ukitaka kurekebisha, kunja kipembe kidogo kidogo. Usiguse ncha ya katikati.

Hatua ya 7: Ingiza kwa vidole. VIDOLE, siyo spana. Hapa ndipo hedi nyingi zinapokufa. Kama mkono haufiki, chomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi, uzungushe kwa huo mpira. Plagi ikikaa upande, mpira utateleza wenyewe kabla hujaharibu uzi. Izunguke laini mpaka ikae. Ikigoma mapema, itoe, anza upya.

Hatua ya 8: Sasa chukua spana. Plagi mpya yenye washa, kaza kama nusu mzunguko tu baada ya kukaa, na kama boksi lina maelekezo, fuata boksi. Plagi iliyowahi kutumika washa yake imeshabanwa, kwa hiyo kaza kidogo sana, kama mshale wa saa unavyotoka kwenye 12 kwenda kwenye 1. Hapa hatushindani nguvu.

Hatua ya 9: Rudisha kofia mpaka uisikie imeshika. Futa mafuta yaliyomwagika, vitambaa vyenye petroli vipeleke mbali. Fungua koki, washa.

KUHUSU KUPIMA CHECHE
Vijiweni utaona mtu ametoa plagi, ameishika kwa mkono, mwenzake anapiga kiki. Usiige. Umeme wa pale ni maelfu ya volti, na shimo la plagi likiwa wazi injini inatema mvuke wa petroli moja kwa moja kwenye cheche. Kama lazima upime, iache plagi ya injini ikiwa imefungwa mahali pake. Chukua plagi nyingine, ivishe kofia, ilaze chuma chake kiguse mwili wa injini, toa mkono, ndipo kiki ipigwe. Kwa njia hiyo cheche utaiona na mvuke haupo.

UKIUNGUA
Mwaga maji safi ya baridi kwenye sehemu iliyoungua kwa dakika 20, kisha nenda zahanati. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia.

KWA WENZANGU WENYE DUKA
Weka plagi moja ya akiba na spana yake chini ya siti, uzifunge kwenye nailoni zisile vumbi. Kama unauza plagi dukani, muombe mteja aje na ile ya zamani, au asome namba. Ukimpa inayofanana tu kwa macho, atarudi na hedi mkononi na lawama juu yako. Na yule kijana wa boda anayekuletea mzigo kila wiki, mwonyeshe somo hili. Pikipiki yake ikilala, na mzigo wako umelala.

Tukutane somo lijalo. Biashara njema.