SOMO LA HESABU: KUPIMA UMBALI WA MNYAMA KWA MSALABA WA DARUBINI



Somo letu safari hii ni la hesabu. Linahusu namna ya kujua mnyama yuko umbali gani kwa kutumia alama zilizo ndani ya darubini ya bunduki. Baadhi ya wanachama watauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na bunduki? Jibu ni fupi. Mnyama akipigwa vibaya hakimbilii ofisini kwa meneja. Hukimbilia kichakani au ndani ya miwa, na anayeingia humo kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, panga mkononi, ni mwanachama wetu.

Wako pia wanachama ambao kazi yao ndiyo hiyo hasa. Wako askari wa mashamba wanaopewa bunduki, kwa kibali cha idara ya wanyamapori, ili kuzuia nguruwe mwitu. (Bila kibali ni ujangili, na kesi ataibeba askari, si aliyemtuma.) Wako pia wafuata nyayo, matraka kama wanavyoitwa makambini, na wachunaji na wabeba mizigo wa kampuni za uwindaji. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini Tanzania, Uganda na Zambia watu huwinda kwa leseni, na wageni hulipa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Mgeni akikosea shabaha, traka ndiye anayetangulia mbele kufuata damu.

Sasa tuingie kwenye somo. Risasi haiendi moja kwa moja kama miali ya jua. Ikitoka tu kwenye mtutu huanza kuvutwa chini. Bunduki ya .30-06, ambayo wengi huitumia kwa swala, ikiwa imerekebishwa ipige sawasawa kwa mita 200 kwa risasi ya kawaida, basi kwa mita 300 risasi itakuwa imeshuka kama sentimita 25. Kwa mita 400 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 70. Kwa hiyo mtu anayedhani swala yuko mita 200, kumbe yuko mita 300, atalenga katikati ya kifua na risasi itapiga tumbo la chini au mguu. Mnyama ataondoka. Tofauti ya mita 100 tu, ambayo jicho haliwezi kuisema kwa hakika, ndiyo tofauti ya nyama na majeruhi.

Na jicho hudanganya, ndugu zangu. Jua likiwa mgongoni mwako na hewa ni safi baada ya mvua, mnyama huonekana karibu kuliko alivyo. Ukitazama ng'ambo ya bonde au juu ya maji, ni hivyo hivyo, kwa sababu ardhi ya katikati huioni. Akiwa kivulini, au magharibi inaingia, au amelala, huonekana mbali. Mnyama mkubwa anadhaniwa yu karibu, na mdogo anadhaniwa yu mbali. Mzee aliyetembea porini miaka thelathini hujua kujirekebisha, lakini hata yeye hawezi kukuachia ujuzi huo kwa maneno. Hesabu inaweza kuachwa kwa maneno, ndiyo maana tunaisoma.

Ndani ya darubini nyingi za bunduki kuna msalaba, na juu ya mistari ya msalaba huo kuna nukta au vijistari vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Kutoka nukta hadi nukta ni kipimo cha pembe kinachoitwa mili. Usiogope neno hilo. Maana yake ni kwamba mili moja hufunika mita 1 kwa umbali wa mita 1,000. Kwa mita 100 hufunika sentimita 10, na kwa mita 200 hufunika sentimita 20. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo mili moja inavyofunika kitu kikubwa zaidi, kama pembe tatu ndefu iliyo na ncha yake kwenye jicho lako.

Kutokana na hapo tunapata kanuni moja tu, nayo ishikwe kichwani: chukua kimo cha mnyama kwa mita, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa idadi ya mili alizofunika. Jibu ni umbali kwa mita.

Mfano. Swala pala dume ana kimo cha kama mita 0.9 kutoka ardhini hadi juu ya bega. Umemwona kwenye darubini, ukaweka kwato zake kwenye mstari, ukahesabu nukta hadi begani ukapata mili 3. Basi 0.9 mara 1,000 ni 900. Gawanya kwa 3, upate 300. Yuko mita 300. Angefunika mili 6 angekuwa mita 150. Mfano wa pili: nyati wa kimo cha mita 1.4 amefunika mili 7. 1,400 kugawa kwa 7 ni 200. Ukweli ni kwamba nyati hupigwa karibu zaidi, mara nyingi chini ya mita 100, na hapo kazi ya hesabu hii ni kumwambia mtu kuwa bado yuko mbali na aache kidole nje ya kifyatulio.

Pima kimo, usipime urefu wa mwili. Mnyama akigeuka kidogo, urefu wake hupungua machoni pako, lakini kimo hakipungui. Shida ya kimo ni majani, ambayo huficha miguu. Hapo inafaa kupima unene wa kiwiliwili, kutoka mgongoni hadi chini ya kifua. Kampuni ya Redfield ya Marekani iliwahi kutengeneza darubini yenye mistari miwili iliyokusudiwa kubana sehemu hiyo ya paa wa kwao, wakiihesabu kuwa inchi 18. Namba hiyo ni ya paa wa Marekani. Ukiitumia kwa pofu utajiona uko karibu sana kuliko ulivyo.

Ndugu wachunaji, hapa ninyi ndio walimu. Mnyama akiwa ameanguka, kabla ya kisu kuingia, pima kwa futi ya kamba kimo chake na unene wa kifua, uandike kwenye daftari: aina, dume au jike, kipimo. Vitabu vinatoa namba za wastani: ngiri na nguruwe mwitu kama mita 0.7, pongo 0.8, kuro 1.25, nyumbu 1.3, pofu dume 1.6. Lakini wanyama wa eneo moja hawalingani na wa eneo jingine, na daftari la miaka miwili la mchunaji mmoja lina thamani kuliko orodha ya kitabu. Tena ujuzi wa namna hii ukiandikwa ni hoja ya daraja la mshahara. Makampuni mengi humhesabu mchunaji kuwa kibarua asiye na ujuzi.

Tusidanganyane kuhusu usahihi. Ukikosea kimo kwa sehemu moja ya kumi, umbali nao utakosewa kwa sehemu moja ya kumi. Ukimhesabu jike wa swala, mwenye mita 0.8, kuwa ni dume wa mita 0.9, basi kwa mili 3 utasema 300 na kumbe ni 267. Hiyo bado yavumilika. Lakini mkono ukitetemeka ukasoma mili 2.5 badala ya 3, utasema 360. Kwa mita 150 makosa ya namna hii hayana madhara makubwa, kwa kuwa risasi bado haijashuka. Kwa mita 400 ni balaa. Kwa maoni yangu anayehitaji hesabu hii ili apige mita 400 asipige. Hesabu hii ni nzuri zaidi kwa kumzuia mtu kuliko kwa kumruhusu.

Liko jambo moja ambalo limeharibu watu wengi, nalo ni gurudumu la kukuza picha. Katika darubini za aina moja, hasa za mtindo wa zamani wa Ujerumani, msalaba hukua pamoja na picha, na mili hubaki mili daima. Katika aina nyingine, ambayo Wamarekani wameieneza sana, picha hukua lakini msalaba haukui. Hapo nukta ni mili halisi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule mkubwa kabisa. Tuseme darubini ni sahihi kwenye ukuzaji wa 10, na askari ameirudisha kwenye 5. Sasa nafasi ya nukta moja ni sawa na mili 2. Swala wa mita 0.9 amefunika nafasi 3. Askari anasema: mita 300. Kumbe mili za kweli ni 6, na swala yuko mita 150. Atainua bunduki juu kufidia mshuko usiokuwapo, na risasi itapita juu ya mgongo au itachana nyama ya juu ya uti.

Namna ya kuijua darubini yako ni rahisi. Pima mita 100 kwa futi ya kamba, si kwa hatua. Simamisha ubao wa mita 1 kamili. Ukitazama, ubao lazima ufunike mili 10. Ukifunika 5, uko kwenye ukuzaji usio wake. Tia alama ya rangi kwenye gurudumu mahali ubao unapofunika 10. Darubini nyingi za Kijerumani zisizo na nukta zina nguzo nene pande mbili, na nafasi kati ya nguzo ni sentimita 70 kwa mita 100, yaani mili 7. Nyingine, hasa za Marekani, huhesabu kwa dakika za pembe, na dakika moja ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100. Usichanganye hizo mbili.

Siku hizi kuna vipimo vya laser vinavyotoa umbali mara moja. Ni vizuri, na mwajiri akinunua tushukuru. Lakini betri huisha, na ukungu na mvua huvisumbua.

Sasa kwa wengi wetu tusio na bunduki wala darubini. Chukua rula ya mtoto ya shule. Funga uzi kwenye tundu lake, ushike ncha ya uzi kwa meno, na kati ya jicho na rula pawe sentimita 60. Kanuni ni ile ile: kimo cha kitu kwa sentimita, mara 60, gawanya kwa sentimita ulizosoma kwenye rula. Tembo jike wa kimo cha sentimita 250 anayefunika sentimita 3 yuko sentimita 5,000, yaani mita 50. Tembo wamepimwa wakikimbia kama mita 7 kwa sekunde, basi una sekunde saba. Usizitumie kusoma rula tena.

Rula hiyo hiyo ina kazi nyingine. Msimamishe mwenzako wa sentimita 170 mwisho wa mstari unaolipwa kwa kipande. Akifunika sentimita 2, mstari una kama mita 51. Nyapara akisisitiza kuwa ni 40, huna ushahidi kamili kwa rula, lakini una sababu ya kumwita mwakilishi wa wafanyakazi aje na futi ya kamba.

Matawi yenye askari wa bunduki au wafanyakazi wa uwindaji yajadili mambo haya na waajiri katika mikataba ya hali bora. Bunduki zirekebishwe kwenye sehemu iliyopimwa, kwa risasi za mwajiri. Askari wasilazimishwe kupiga magharibi ili kutimiza idadi. Na kubwa zaidi, mnyama aliyejeruhiwa aandikwe kitabuni usiku ule ule, kwa namba ya kipande cha shamba, na wakata miwa wasiingie humo mpaka pasafishwe. Kwenye shamba moja ninalolijua askari alimpiga nguruwe dume jioni, akaogopa kusema kwa kuwa risasi huhesabiwa. Asubuhi mkata miwa alichanwa paja. Ofisi ilijibu kwamba nguruwe si mtambo wa kampuni. Mtu ameumia akiwa kazini, kwa saa za kazi, mahali alipotumwa, na fidia ni haki yake. Nchini Kenya sheria ya fidia ni ya mwaka 2007, na Tanzania ni ya mwaka 2008. Katibu wa tawi aandike taarifa siku ile ile, na majina ya mashahidi.

Mazoezi. (1) Pofu dume wa mita 1.6 amefunika mili 8. Yuko umbali gani? (2) Darubini ni sahihi kwenye ukuzaji wa 12, lakini imewekwa kwenye 6. Ngiri wa mita 0.7 amefunika nafasi 2 za nukta. Askari atasema umbali gani, na ukweli ni upi? (3) Kwa uzi wa sentimita 60, tembo wa sentimita 250 amefunika sentimita 2. Je, wachuma chai waendelee kuchuma?

Majibu yaandikwe pamoja na hesabu zake, si namba tupu, na yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya toleo lijalo.