HONGO, ZAWADI NA HAKI: SOMO LA MIGODI

Katika karne ya 19 misafara ya pembe iliyopita Unyamwezi iliwalipa watemi hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo, shanga na waya. Malipo hayo yalikuwa desturi, wala hayakufichwa. Leo neno lilo hilo maana yake ni rushwa. Mimi, mwenyeji wa Choma, naona neno hili latufundisha jambo moja juu ya migodi: malipo yanayojulikana na wote ni haki, yanayopita gizani ni rushwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Nzega. Huko Lusu, kampuni ya Resolute ya Australia ilichimba dhahabu katika mgodi wa Golden Pride tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi miaka ya 2010. Mgodi ulifungwa, mitambo ikanyamaza, wanakijiji wakabaki. Ndiyo kusema mgodi ni mgeni, na mgeni huaga.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mwaka 2017, yamtaka mwenye leseni atengeneze kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na akubaliane na halmashauri. Mpango huo hauna budi kufuata mahitaji ya wenyeji. Halmashauri nayo husimamia kazi na kuwaeleza wananchi. Basi shule au kisima cha mgodi si zawadi ya kupigiwa magoti.

Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Yafaa kijiji kifanye haya:

Kwanza, mkutano wa kijiji uchague mahitaji, kina mama na vijana wakiwamo. Watu wakilia maji, nao wakajengewa zahanati isiyo na mganga, watakaofaidi ni popo.

Pili, makubaliano yaandikwe, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mtu azisome.

Tatu, siku ya kufunga mgodi ifikiriwe tangu siku ya kufungua: nani atafukia mashimo, na vijana watashika kazi gani?

Wanafunzi wenzangu, kesho baadhi yetu tutakuwa wenyeviti wa vijiji na madiwani. Asiyejua kusoma hesabu za kijiji chake atapewa zawadi, naye atashukuru, huku haki yake ikipita mlangoni.

Swali la kujadili: Kijiji chako kingepata mgodi leo, kingeomba nini kwanza, na kwa nini?