SOMO KWA WALIMU WA KIINGEREZA: MANENO SITA YA KAZI YETU

Mafungu ya kusoma: Waamuzi 12:4-6, Nehemia 8:1-12



Hapa Uganda Kiingereza ni lugha rasmi. Watu wetu wanakihitaji mbele ya daktari, mbele ya mwalimu wa mtoto, na mbele ya afisa wa mahojiano. Lakini tunaona watu wazima wanaanza darasa vizuri, kisha wanaacha. Mara nyingi kinachowaondoa ni aibu. Baba wa watoto watano akichekwa mbele ya wengine, kesho harudi. Mwalimu asiyejua kosa limetoka wapi humlaumu mwanafunzi. Kwa hiyo tujifunze maneno sita ya wataalamu wa lugha, yatusaidie kufundisha kwa upendo.

1. FONIMU. Ni sauti ambayo ukiibadilisha, maana ya neno inabadilika. Katika Kiswahili "l" na "r" ni fonimu mbili: kula si kura, mahali si mahari. Katika Kirundi na Kinyarwanda sauti hizo mbili hazitofautishi maana. Ndiyo maana ndugu aliyekulia katika lugha hizo anaweza kutaka "rice", yaani mchele, akasema "lice", yaani chawa. Na Kiswahili kina irabu 5 tu, lakini Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa masikio yetu "ship" na "sheep" ni neno moja, kumbe moja ni meli na jingine ni kondoo.

Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani walikutwa na jambo hilo. Waliambiwa waseme Shibolethi, wakasema Sibolethi, na watu 42,000 waliuawa. Hawakuwa wajinga, ulimi wao ulikuwa umezoea sauti nyingine. Sisi tuliopita kwenye vizuizi tunaielewa habari hiyo bila kuelezwa. Basi darasa la kanisa lisiwe kivuko cha Yordani.

2. JOZI ZA KULINGANISHA. Ni maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama "ship" na "sheep". Anza na sikio kabla ya ulimi. Sema neno moja. Wakisikia la kwanza wainue kidole kimoja, wakisikia la pili wainue viwili. Wakishatofautisha kwa kusikia, ndipo watamke.

3. MKAZO. Ni nguvu tunayoweka kwenye silabi moja. Katika Kiswahili kwa kawaida mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza mkazo huhama. Neno "present" likikazwa mwanzo ni zawadi. Likikazwa mwisho ni kukabidhi au kuwasilisha.

4. ATHARI YA LUGHA YA KWANZA. Mwanafunzi huchukua mpango wa lugha yake akautia ndani ya Kiingereza. Husema "I have 40 years" kwa sababu Kiswahili husema nina miaka 40, na Kifaransa pia husema hivyo. Tena, kwetu "yeye" ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo huchanganya "he" na "she". Jambo hili si dogo. Katika mahojiano, mtu akimwita mkewe mara "she" mara "he", msikilizaji anaweza kudhani ni watu wawili, au kwamba maelezo yanapingana. Lifanyieni mazoezi kila juma kwa habari za familia.

5. KOSA NA KUTELEZA. Mwaka 1967 mtaalamu Pit Corder alitenganisha mambo haya mawili. Anayeteleza anaijua kanuni, ila amechoka au ana haraka. Mpe nafasi, atajirekebisha. Anayekosa hajaijua kanuni bado, huyo afundishwe. Makosa yake yanatuonyesha amefika wapi.

6. USAHIHI NA MTIRIRIKO. Usahihi ni kufuata kanuni. Mtiririko ni kusema bila kukwamakwama. Kwenye zoezi la kanuni, sahihisha papo hapo. Lakini mtu akisimulia habari zake, usimkate. Andika makosa pembeni, kisha yafundishe kwa darasa zima bila kutaja jina.

Ndugu walimu, katika Nehemia 8 Walawi waliwafafanulia watu sheria mpaka wakaelewa. Mstari wa 12 unaonyesha kwamba watu walirudi nyumbani kwa furaha kwa sababu walielewa. Hicho ndicho kipimo cha darasa letu.

MASWALI YA KUJADILI
a) Ni sauti zipi za Kiingereza ambazo hazimo katika lugha ya nyumbani kwenu?
b) Nani ameacha darasa letu, na nani atakwenda kumtembelea?
c) Tutafanya nini mtu akichekwa darasani?

Bwana awabariki na kuzitia nguvu kazi za mikono yenu. Amina.