Kabla hujazisoma rangi, tafuta mwanzo

Wadogo zangu mnaojifunza ufundi wa redio na TV, swali lenu la rezista limenifikia kwa namna nyingi, ila kilio ni kimoja: rangi mmezikariri, jibu halitoki. Kukariri si tatizo. Tatizo ni kujua uanzie upande gani, na macho yako uyaamini hadi wapi.

Tumalizane na kukariri kwanza. Nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kutoka nyekundu hadi zambarau ni mpangilio wa upinde wa mvua, kwa hiyo sehemu kubwa unaijua tangu utotoni.

Shika rezista ya mistari minne: njano, zambarau, nyekundu, dhahabu. Njano 4, zambarau 7, nyekundu ni sifuri mbili za kuongeza. Hiyo ni omu 4,700. Dhahabu inakwambia thamani inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 5, hivyo mita ikionyesha 4,600 usiitupe, ni nzima. Dhahabu haianzi namba kamwe. Ukiiona pembeni, igeuzie kulia.

Zinazowasumbua wengi ni zile za mistari mitano, ambazo nyingi zina mwili wa bluu. Mitatu ya mwanzo ni tarakimu, wa nne ni idadi ya sifuri, wa tano ni asilimia. Sasa tazama hii: kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia, kahawia. Ni omu 1,000. Igeuze, inasomeka kahawia, kahawia, nyeusi, nyeusi, kahawia: omu 110. Na rezista ya 110 ipo kweli madukani, kwa hiyo hakuna kitakachokushtua! Angalia nafasi kati ya mistari, maana ule wa asilimia mara nyingi hukaa mbali kidogo na wenzake. Nafasi isipoonekana, pima kwa mita. Programu ya simu haitakusaidia hapo, kwani inapiga hesabu ya rangi ulizoipa wewe.

Na tafadhali, msisome rangi chini ya taa ya manjano. Nyekundu ikionekana chungwa, ile 4,700 imeshakuwa 47,000. Sogea mlangoni kwenye mwanga wa mchana.

Iliyoungua usiisome kabisa. Joto hubadilisha rangi. Nyekundu ikififia kuwa kahawia, utafunga 470 mahali pa 4,700. Tafuta mchoro wa saketi, au bodi nyingine ya aina hiyohiyo, kisha utafute kilichoiunguza kabla hujafunga mpya, la sivyo nayo itakwenda.

Ukitaka kupima rezista ikiwa bado kwenye bodi, chomoa umeme na uhakikishe kapasita zimeisha chaji. Mita ikisoma chini ya thamani, usiilaumu rezista bado, kwa sababu umeme wa mita unapita pia kwenye vifaa vingine vya jirani. Yeyusha risasi, inua mguu mmoja, pima tena. Lakini ikisoma juu kupita asilimia yake, hiyo imeshakufa. Weka nyingine yenye omu zilezile, na wati zisizopungua za ile uliyoitoa.