Dondoo Muhimu: Kuchagua Huduma ya Kupokea Malipo Mtandaoni

Duka lako la Nangara likianza kupata wateja wa Arusha na Dodoma wanaoagiza mafuta ya alizeti kwa simu, namba yako binafsi ya simu haitoshi tena kupokea malipo.

1. Hakikisha mtoa huduma ana leseni ya Benki Kuu; Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inamtaka awe nayo.

2. Chukua Lipa Namba inayopokea kutoka M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa na benki.

3. Uliza makato yote: ya kupokea, ya kuhamishia benki na ya kutoa kwa wakala. Yapigie hesabu ya mauzo ya mwezi mzima. Wengi huangalia muamala mmoja tu na kuona makato ni madogo.

4. Uliza pesa inaingia benki lini. Mwenye alizeti anayekuuzia hasubiri malipo yake.

5. Sajili kwa jina la biashara, mteja alione kabla hajathibitisha.

6. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, hata kama basi la kupeleka mzigo linapiga honi. Meseji hughushiwa kirahisi mno. Fungua akaunti yako, linganisha kiasi, jina na namba ya muamala, ndipo ufunge dumu.

7. Msaidizi wa duka aone malipo yakiingia, lakini namba ya siri ibaki kwako.

8. Jitumie shilingi 1,000 kwanza, kisha piga huduma kwa wateja Jumapili jioni uone kama watapokea.